Mlango wa Mvule wa Jeremiah Omanga

Mchungaji, chifu, wakwe zetu wa hapa Ogwedhi, na nyinyi watu wetu wa Sindo na Kendu Bay wenye mmefika asubuhi na vumbi mpaka kwa meno, familia inawasalimu, na familia inasema historia hii itasomwa kwa Kiswahili, kwa sababu wakwe hawaskii Dholuo, sisi hatuskii lugha yao, na marehemu mwenyewe aliishi na mke wake miaka thelathini na sita kwa hii hii Kiswahili ya soko ya ng'ombe, wakagombana nayo, wakapatana nayo, na haikuwahi kuwaishia. Anayesoma ni Zablon, mdogo wa marehemu, na pale ataongeza chumvi mtapajua wenyewe, lakini tarehe zote ni za kweli, mjane amezipitia mara tatu na kalamu nyekundu.

Marehemu Jeremiah Omanga alizaliwa tarehe 12 Juni 1962, karibu na Sindo, mtoto wa tatu wa mzee Omanga, mvuvi, na mama Roselyn, na wenye walikuwa hapo wanasema alitoka akiangalia juu, na kabla hajalia alikunja uso kwanza, kwa sababu nyasi ya paa ya hiyo nyumba ilikuwa imewekwa vibaya. Mkunga alimweka kwa bega akashangaa, mtoto wa siku moja, shingo imesimama kama ya askari, akamwambia mama huyu hatahitaji kushikwa kichwa maisha yake yote, na hapo mkunga alipatia kwa miaka arobaini na sita na miezi minane tu.

Alianza shule mwaka wa 1970, akamaliza darasa la saba mwaka wa 1977, na maksi zake hazitasomwa leo kwa heshima ya jeneza, ila ieleweke ya kwamba kwa kupima mbao na jicho tupu hakuna mwalimu alimfikia, alikuwa anaweza kusimama mlangoni mwa darasa akamwambia hedimasta ubao wako umepinda robo inchi, na alichapwa kwa hiyo robo inchi mara nyingi kuliko kwa makosa yote mengine.

Mwaka wa 1979 alienda Kendu Bay kujifunza ufundi wa paa, na kutoka hapo, kama umewahi kuketi kanisani kati ya Kendu Bay na Migori mvua ikinyesha na hukulowa, ni yeye. Marehemu alikuwa anatembea juu ya mabati kama wewe unatembea sebuleni, alikuwa anakulia ugali huko, akilala huko saa saba mchana, na mwaka wa 1985 upepo wa ziwa ulibeba bati na yeye akiwa amelikalia, akapita juu ya shule mbili na soko ya samaki, akasalimia watu, akashuka upande ule mwingine nyundo bado mkononi, na mwenye anataka kubisha hiyo angojee chai. Kwa miaka thelathini hakuanguka. Mafundi wenzake waliangukanga kama embe, yeye hapana, na alijisifu nayo mpaka watu wakaanza kumwombea aanguke kidogo tu.

Mwaka wa 1987 aliletwa hapa Ogwedhi kuezeka kanisa, na siku ya tatu akapita msichana mmoja na mtungi wa maji, anaitwa Trizah Nyamusi, akasimama, akaangalia juu, akasema bati la tatu limepinda. Marehemu alicheka huko juu mpaka misumari ikamwagika. Halafu akachukua uzi akapima, na bati lilikuwa limepinda, upana wa kidole, na wenye waliona wanasema hiyo ndiyo siku ya kwanza Jeremiah Omanga alishuka kwa ngazi akiwa amenyamaza. Walifunga ndoa Jumapili tarehe 4 Desemba 1988 chini ya bati hilo hilo, likiwa limenyooshwa, na wakabarikiwa na watoto watatu, Kerosi mwaka wa 1989, mwenye alipewa jina la baba mkwe na leo ni seremala, Millicent mwaka wa 1992, na Tony mwaka wa 1997.

Sasa mlango. Mwaka wa 1994 wakwe walimpa marehemu shamba hapa, akajenga nyumba mwenyewe, na ndani ya nyumba hiyo kitu chenye alijivunia kuliko watoto, mtusamehe watoto, ulikuwa mlango. Ulikuwa wa mvule, ubao mmoja mmoja alichagua na mkono, unene wa Biblia mbili, rangi ya kijani, watu sita kuubeba na wa saba kuwatia moyo. Ukifungwa unatoa mlio mmoja, ndum, ng'ombe wote sokoni wanageuza kichwa. Mama Kerosi alikuwa akiufungua na kuufunga bila sababu, anatoka, anafunga, anasahau kitu makusudi, anarudi, anafungua, na majirani wakasema huyo mama ameolewa na mlango, na hakukataa.

Jumamosi tarehe 14 Februari 2009 ilikuwa Sabato, na mchungaji wa wakati huo alikuja kula chakula cha mchana kwa marehemu, watu kumi na moja mezani, chakula ikaisha, na marehemu akasema mgeni hawezi kutoka kwake bila tunda. Mama Kerosi alimwambia awache, ni Sabato, na tawi la mpera limekauka. Marehemu akajibu ya kwamba mtu mwenye amesimama juu ya paa la kila kanisa kutoka hapa mpaka ziwani hawezi kuogopa mpera, na ni kweli huo mpera, mnauona pale, ni mti wa aibu, urefu wake ni mtu mmoja na kofia, mbuzi wanapandanga. Akapanda na viatu vya kanisa. Tawi likavunjika. Akaja chini kichwa mbele, na mapera manne mkononi, na hakuyaachilia.

Na hapo ndipo tulifanya ile kitu tunafanyanga sisi watu wa huku, mtu akianguka tunampenda wote kwa mara moja. Watu kumi na moja walitoka mezani mbio, huyu akashika mkono, huyu mguu, mwingine akaleta maji ya kumwaga kichwani, mzee mmoja wa kanisa akasema shingo imetoka mahali pake na inarudishwa kwa kuvutwa kama ya kuku, Zablon huyu anayesoma alishika mshipi wa suruali bila kujua ni wa nini, na kabla hata vumbi haijatulia Bichage alikuwa amefika na pikipiki. Bichage mnamjua, mwenyekiti wa boda boda, alikuwa na sifa ya kufikisha mgonjwa hospitali kwa dakika kumi na moja, na njia yake ilikuwa moja tu, mgonjwa anakalishwa katikati, Bichage mbele, mtu wa kumkumbatia nyuma, kichwa kinalala upande wenye kinataka.

Marehemu alikuwa macho. Alisema haskii miguu, akasema hivyo kwa sauti ya mtu anauliza kofia yake iko wapi.

Wiki moja kabla ya hapo, sista Emmaculate wa dispensari alikuwa amekuja kufundisha akina mama kanisani juu ya ajali, na akina mama wote walienda kwa sababu ya soda, na wote walikunywa soda, na Mama Kerosi peke yake akaskiza. Sasa alipita katikati ya wale watu kama pikapu ya mnada, akapiga magoti hapo kwa mchanga na nguo ya Sabato, akabana kichwa cha mume wake na mikono miwili, masikio ndani ya viganja, akasema, "Mwenye atamwinua kabla sijasema, nitamuuma."

Watu wakaachilia, hata mwenye alikuwa ameshika mshipi.

Bichage akamwambia shemeji, unamchelewesha mtu, mgonjwa akilala roho inalala. Mama Kerosi akamwambia Kerosi atoe mlango. Kerosi akauliza mlango gani, maskini, alijua ni mlango gani, akaenda akautoa kwa bawaba. Wakamgeuza marehemu kama gogo, kichwa na mabega na kiuno mara moja, Mama Kerosi akihesabu kutoka kichwani, moja, mbili, tatu, wakaingiza mlango chini yake, wakaweka pakiti za unga huku na huku ya masikio, wakafunga paji la uso na kitambaa cha mezani, na marehemu akaenda mpaka hospitali nyuma ya pikapu ya kubeba ng'ombe, polepole, akiangalia mawingu na mapera yake manne kifuani.

Daktari alitoa eksirei akasema pingili ya sita ya shingo imevunjika, na ile kamba yenye inapita ndani ya mfupa, nene kama kidole cha mtoto, yenye inabeba habari yote kutoka kichwa mpaka kwa ukucha wa mguu, imebanwa lakini haijakatika. Akasema kama mtu huyu angekalishwa kwa pikipiki mngekuwa mnaniuliza mambo ya jeneza. Halafu akauliza nani aliwaambia kuhusu mlango, na Mama Kerosi akasema ni soda.

Marehemu alikaa wodi miezi kumi na tatu. Mikono ilirudi, lakini vidole havikurudi vizuri, kikombe angeshika na viganja viwili, nyundo hapana, na miguu haikurudi kabisa. Wengine wangegeukia ukuta. Marehemu, mdomo ukiwa haujaguswa na ajali hata kidogo, alianza kuuliza wenzake wa hiyo wodi kila mmoja alifikaje, na Mama Kerosi akiwa kando na daftari akiandika. Wawili waliangushwa na boda boda, hao hata hawakumaliza sentensi, kila mtu alikuwa ameshajua ni nini. Mmoja alianguka kutoka kwa parachichi. Mmoja aliporomokewa na shimo la dhahabu. Mmoja alipigwa teke na fahali akiwa anamsifu mwenye fahali. Mmoja alikuwa amebeba gunia la simiti kwa kichwa, akakanyaga shimo, na gunia likaendelea na safari. Marehemu akawaambia mimi nilifikiri niliangushwa na Sabato, kumbe tuko wengi na siku zetu ni tofauti.

Tarehe 20 Machi 2010 alirudi nyumbani kwa kiti cha magurudumu, na mlango ukarudi naye, na Mama Kerosi akaenda kutafuta bisibisi. Kabla hajaipata, tukaskia kelele barabarani, kijana ameangushwa na boda boda, na watu tayari wanamkalisha. Marehemu akasema beba mlango. Ukabebwa, na haukurudi kwa fremu siku hiyo, na kesho yake ukaitwa tena Uriri, na hivyo ndivyo nyumba ya Trizah Nyamusi, yenye ilikuwa na mlango wa kushtua ng'ombe, ilikaa na pazia miaka kumi na tano na nusu.

Pazia jameni. Kuku alitaga kitandani. Mvua ilikuwa inaingia, inasalimia, inatoka upande wa jikoni. Mwaka wa 2013 ndama wa mnada aliingia akala kofia ya kanisa ya Mama Kerosi, ile ya zambarau, akatoka na riboni mdomoni mbele ya wazee wa kanisa. Mama Kerosi alivumilia, lakini kila mwaka mpya alikuwa anasema neno moja, anataka mlango wake. Marehemu alimwahidi kumtengenezea mwingine na mkono wake mwenyewe, na kila mtu alikuwa anaona hiyo mkono. Fundi mwingine hakumtaka. Mwaka wa 2016 Kerosi alileta mlango mpya, kazi safi, na marehemu akauzunguka na kiti chake mara mbili, akasema hicho ni kifuniko cha sufuria, na huo mlango mpaka leo uko kwa nyumba ya kuku, na kuku wanausifu. Lakini ukweli ni kwamba hata Mama Kerosi hakuutaka. Alimwambia mbele yetu, "Baba Kerosi, mimi sitaki mlango. Nataka ule."

Kazi ya mlango iliendelea. Marehemu alisafiri nao kama wengine wanasafiri na Biblia, juu ya pikapu, umefungwa kamba, na Desemba 2014 alikuja nao nyumbani Sindo, tukamcheka, tukamuuliza kama ameogopa tutakosa pa kumlaza. Siku ya pili vijana wenye walikuwa wametoka Nairobi wakaenda ziwani kuonyesha wasichana kuruka. Mpwa wetu Omondi alipanda pua ya boti, akatanua mikono kama ndege, akaingia majini kichwa kwanza, na maji ilikuwa ya kufika magoti, hata samaki hapo walikuwa wanatembea. Akaelea uso chini. Marehemu alipiga kelele kutoka kwa kiti mpaka watu wa visiwani wakasimama, ya kwamba wasimburute kwa mkono, wamgeuze ndani ya maji, wote pamoja, mwenye kichwa ndiye anahesabu, na mlango ukaingizwa chini ya Omondi ukiwa unaelea, kwa sababu mvule ya Jeremiah Omanga hata kuelea ilijua. Omondi ako pale nyuma, kofia ya njano. Amesimama. Msimpigie makofi, atataka kuruka tena.

Hapa Ogwedhi shida ilikuwa Bichage. Miaka yote hiyo alisema wazi, kituoni na kanisani, mlango ni wa nyumba na mgonjwa ni wa pikipiki, na ajali ikitokea ilikuwa mashindano, Bichage anakuja na petroli, marehemu anasukumwa na Tony juu ya kokoto akitukana kwa heshima. Siku moja walikutana juu ya mama mmoja mwenye alianguka na kuni, Bichage akajigamba dakika zake kumi na moja, na marehemu akamwambia, "Bichage ndugu yangu, mwili utafika haraka. Shingo itakuja kesho." Watu walicheka wiki mbili. Bichage hakucheka, na mama wa kuni alienda na mlango.

Daftari ya marehemu inaonyesha shingo na migongo thelathini na nane zenye zilibebwa na mlango, na hii haina chumvi, ni mwandiko wa mjane. Kumi na saba ni boda boda, na wengi wao walikuwa watatu kwa kiti kimoja. Tisa ni miti, na marehemu aliandikisha ya kwamba miti inaua Februari na Machi, wakati wa matunda, na ya kwamba mti mfupi ni mbaya kuliko mrefu kwa sababu mrefu unauogopa. Wanne ni wa kuruka majini, wote Desemba, wote mbele ya wasichana. Watatu ni mashimo ya dhahabu, watatu ni mizigo ya kichwa, mmoja ni fahali, na mmoja alilala wakati wa mahubiri akaanguka nyuma ya benchi, hatutamtaja, ameketi safu ya pili. Wanaume ni thelathini na mmoja, wanawake saba, na marehemu akauliza sista Emmaculate kama shingo ya mwanaume ni laini, sista akamwambia shingo ni sawa, chenye kimekaa juu yake ndicho tofauti. Wanne kati ya hao walifariki, majina yao Mama Kerosi aliyazungushia mstari, na marehemu alikuwa anajua siku zao kama siku za kuzaliwa za watoto wake, na kwa hizo siku hakuwa anatania mtu.

Marehemu alianza kuugua mwezi wa Juni mwaka huu, kwanza figo, halafu kifua, na madaktari walituambia mtu mwenye hakai wima kifua chake kinachoka kutoa makohozi, na alikuwa amepigana miaka kumi na sita. Tarehe 2 Septemba alimwita Mama Kerosi na daftari, akamwandikisha ukurasa wa mwisho, na ukurasa huo unasema hivi tu, ya kwamba siku yenye Jeremiah atatoka kwa hii nyumba, mlango urudi kwa fremu, Trizah aufunge mwenyewe. Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa kumi na moja asubuhi, alilala akiwa na umri wa miaka sitini na tatu, kichwa chake kikiwa kwa viganja vya mke wake.

Historia ingeisha hapo, lakini kuna mambo ya jana.

Jana Alhamisi saa tisa, kabla mwili haujatoka mochari, Kerosi alitoa mlango chini ya paa la stoo, akauosha damu na matope ya miaka kumi na sita, akatia mafuta bawaba, na watu sita wakaubeba na Zablon akawatia moyo. Ukaingia kwa fremu kama haukuwahi kutoka. Mama Kerosi akatoka akiwa amejifunga leso ya msiba, akashika, akafunga. Ndum. Ng'ombe wote pale chini waligeuza kichwa, na akina mama wakaanza kulia kwa sababu walikuwa wamesahau hiyo sauti, na Mama Kerosi akaingia ndani, akafunga tena, akakaa huko peke yake muda kidogo, na hakuna mtu alibisha hodi.

Saa kumi Bichage alikuja kusaidia, ni lazima isemwe, alikuja bila kuitwa, na petroli yake, kubeba hema na kufunga spika. Akaangalia pahali pa kufunga spika, akachagua mpera. Ule ule. Watu wakamwambia shuka, huo mti una rekodi. Bichage akajibu ya kwamba mti unakula watu wa boma yake tu, na yeye si wa hii boma, na akapanda na spika kwa bega.

Walioona wanasema spika ilifika kwanza.

Sasa skizeni. Mwaka wa 2009 hapo hapo tulikuwa mikono kumi na moja. Jana tulikuwa watu kama mia mbili, na hakuna hata mmoja alimgusa. Omondi peke yake alienda polepole, akapiga magoti, akabana kichwa cha Bichage na viganja, masikio ndani, vile yeye mwenyewe alibanwa kule Sindo. Halafu mia mbili wote tukageuka tukaangalia mlango, umefungwa, unang'aa mafuta, na mjane nyuma yake, na kila mtu akaanza kuangalia viatu vyake, kwa sababu nani ataenda kubisha. Huo mlango ulikuwa umerudi saa moja tu. Wazee walianza kunong'ona kuhusu meza ya kanisa, kuhusu bati, kuhusu ile kifuniko cha sufuria ya kuku, na Kerosi alikuwa ameanza kwenda kuitoa.

Mlango ukafunguka. Mama Kerosi alikuwa ameskia kishindo, na amekaa na hiyo sauti miaka mingi kuliko sisi. Akatembea mpaka hapo, mjane mwenye hakutakiwa kutoka nje, akasimama juu ya Bichage. Na Bichage, macho yakiangalia mawingu, dakika zake zote kumi na moja zimeisha, akasema kwa sauti ndogo, "Mama Kerosi. Usinikalishe."

Mama Kerosi akamwambia, "Nyamaza basi. Usitingishe kichwa."

Halafu akageukia Kerosi, na Kerosi safari hii hakuuliza ni mlango gani.

Alihesabu yeye, moja, mbili, tatu. Bichage alienda nyuma ya pikapu, polepole, vijana wake wa boda boda wakimsindikiza mbele wakisimamisha kila gari, na leo saa moja asubuhi hospitali wamepiga simu, kuna mfupa umepasuka lakini kamba ni nzima, vidole vya miguu vinacheza, na anauliza kama mazishi imeanza. Ameingia kwa daftari, namba thelathini na tisa. Mlango umesimamishwa nje ya wodi, na mlinzi anasema watu wanakuja kuuona.

Kwa hivyo jana saa kumi na mbili, mwili ulipofika, marehemu aliingia kwake kupitia pazia. Baba mkwe alimuuliza binti yake kama tuahirishe mpaka mlango urudi, ndiyo neno la marehemu litimie, na Mama Kerosi akafikiria, akasema, "Nimeufunga mara mbili, imetosha. Huo ni wa shingo za watu. Lakini hii pazia nimechoka nayo, nataka mpya." Na akamwambia Kerosi aende atoe ule mlango wake kwa kuku, autie msasa, autie rangi ya kijani, kwa sababu upana wa fremu haujabadilika na mwenye kuukataa amenyamaza. Kerosi amefanya kazi hiyo tangu alfajiri. Wenye wameketi karibu na nyumba wangalie nguo zao, rangi ni mbichi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wenye walimtunza marehemu kwa miaka kumi na sita, na haswa sista Emmaculate, na soda yake, mafundi wa paa wa Kendu Bay, kanisa, majirani wenye walibeba mlango usiku na mchana, vijana wa boda boda wenye kuanzia leo asubuhi wamesema kila kituo kitatengeneza ubao wake, na wakwe zetu, wenye walitupa shamba na mwanamke mwenye jicho. Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, daftari moja, na watu thelathini na watano wenye wangekuwa wametangulia.

Sasa vijana wa jeneza, simameni mahali penu, sita wa kubeba na mmoja wa kuwatia moyo. Marehemu aliacha amri na tutaifuata. Hakuna mwenye anainua kabla ya kuambiwa, hakuna mwenye anavuta, mwenye kichwa ndiye anahesabu, na mwenye kichwa leo ni Mama Kerosi. Mkimbeba, mmbebe sawasawa na polepole, hakuna dakika kumi na moja hapa.

Jeremiah wa Omanga, fundi wa paa, jirani wa mawingu, pumzika kwa amani, na shingo yako iwe imenyooka.